Waliosimama Pembeni

Bi Mayasa amelifungua sanduku la bati juu ya jamvi,
Ujiji, saa nne, jua limekaa vizuri mlangoni.
Bodi tatu, lenzi nne, na mkanda wa ngozi
uliokunywa jasho la shingo ya Feruzi miaka thelathini.
"Taja bei," ananiambia. "Usinionee haya, wala usinionee."

Naanza na pua. Kamera mbovu hunuka kabla haijaonekana:
hii inanuka kabati la masika.
Nafungua kifuniko cha betri, kutu ya kijani
imechanua kama mwani kwenye nguzo za gati.
Sifongo ya mgongoni imegeuka lami, inanata kidoleni.
Ya vipuri. Elfu kumi na tano,
na hapo nimeweka heshima.

Ya pili naitega sikio.
Nazungusha hadi sekunde moja, nabonyeza, nahesabu:
inafunguka, inakohoa, inasahau kufunga.
Bi Mayasa anacheka. "Hata mwenyewe alikuwa hivyo mwishoni."

Ya tatu imebanduka rangi, shaba imetokeza konani,
sokoni ungeipita bila kugeuka.
Lakini shata yake inakata kama mkasi wa kinyozi,
kila mwendo na sauti yake.
Uso wa bodi hauniambii kitu. Nimeshaona zinazong'aa
zilizozama ziwani zikaanikwa pamoja na dagaa.

Sasa lenzi. Tochi ya simu nyuma, jicho langu mbele.
Tuna neno moja, ukungu,
kwa ule unaoficha milima ya Kongo asubuhi
na kwa huu ulioota kati ya vioo, nyuzi nyeupe
kama mizizi ya kitunguu kwenye glasi ya maji.
Ule huondoka saa tatu.
Huu hula kioo.

Nyingine visu vyake vimelowa mafuta, vinajifunga kivivu
kama vidole vilivyotoka kwenye mawese. Inasafishika.
Nyingine ina mkwaruzo mrefu mbele,
na wanunuzi wa Mwanga wangeikimbia.
Mimi huogopa mkwaruzo wa nyuma;
wa mbele ni kovu la kipaji, halimzuii mtu kuona.

Nanyoosha mkono kwenye ile pana, milimita ishirini na nane.
"Hiyo ina kasoro," anasema. "Inafuta watu wa pembeni."

Analeta bahasha. Harusi, maulidi, wahitimu wa ushonaji,
na kila mara yeye, mwisho wa mstari, kulia,
mke wa mpiga picha, aliyeitwa dakika ya mwisho azibe pengo,
na kila mara uso wake ni uji.
"Nikadhani ndivyo nilivyo.
Nikaacha kupaka wanja siku za picha."

Naigeuza lenzi. Kioo safi, pete laini.
Ila kwenye pete ya tundu, namba moja tu imefutika kwa kidole:
ya uwazi wote. Zile nyingine bado nyeupe kama juzi.
"Studio ilikuwa na taa?"
"Jenereta ya jirani. Ikipenda."

Basi ni hilo.
Lenzi hii ukiifungua yote huona katikati, pembeni hulegea;
ni tabia, si ugonjwa.
Ibane mibofyo mitatu, minne, itamkumbuka kila mtu.
Lakini kubana kunataka mwanga,
na Feruzi alikuwa na mke, sanduku, jina mjini,
mwanga hakuwa nao.

Naivalisha kwenye kamera yangu kwa pete ya kuungia.
Namwomba asimame mlangoni, pale pale alipozoea, kulia.
Ananitazama kama ninayemdai.
"Ngoja," anasema, anaingia ndani.
Nasikia droo inavutwa, kikopo kinaanguka,
anakitukana taratibu.

Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika elfu thelathini.
Naikata. Sijaandika nyingine.
Tundu kwenye namba nane, napima nuru ya mlango,
namwachia nafasi yake ukingoni.